Naomba ushauri kuhusu chingamu isiyo na sukari kwa meno ya mtoto

Assalaam alaykum ndugu zangu. Binti yangu wa miaka 9 anasoma skuli asubuhi hapa Wete na jioni huenda chuoni kusoma Qur'ani, na baina ya safari hizo mbili hula visheti na kashata bila ya kupata nafasi ya kupiga mswaki. Magego yake ya chini yameanza kuingia madoa meusi katika vile vibonde vya juu, jambo linalonitia wasiwasi mkubwa.

Nimesoma kwamba kutafuna chingamu isiyo na sukari kwa dakika 20 baada ya kula huongeza mate, nayo mate hupunguza makali ya asidi inayotengenezwa na bakteria wanaokula sukari, na husaidia kurudisha madini kwenye meno. Baadhi ya chingamu hizo hutiwa zailitoli, yaani kitu cha kutia utamu badala ya sukari, ambayo bakteria hao hawawezi kuigeuza kuwa asidi. Maelezo haya yananiridhisha, ingawa naelewa kuwa chingamu haichukui nafasi ya mswaki na dawa ya meno yenye floraidi, wala haizibi jino lililokwisha kutoboka.

Kwa vile zailitoli ikizidi huharisha, mtoto wa umri huu apewe chingamu ngapi kwa siku? Nyingi zinazouzwa madukani kwetu zimejaa sukari. Je, kuna aliyewahi kupata zisizo nayo hapa Pemba? Na hayo madoa, nimuwahishe kwa daktari wa meno kabla ya yote?