Wakuu, nawezaje kupata umbali na bei ya shilingi ndani ya majibu ya Elasticsearch (injini ya kutafutia data)?

fundi_spea
Habari za jioni wakuu. Natengeneza mfumo wa kutafuta spea za magari hapa Dar, mtu anaandika "shokapu za Noah" anapata maduka yenye nazo. Bei nimehifadhi kwa dola na rate inabadilika kila siku, siwezi kuindeksi (kuingiza kwenye injini) upya spea elfu 40 kila asubuhi, na umbali ndo kabisa unategemea mteja kasimama wapi. Nimeweka script_fields (sehemu za jibu zinazohesabiwa na skripti) mbili, ya bei na ya umbali, namba zinakuja ila jina la spea na la duka vimepotea. Jana watu wengi walivyojaribu kwa pamoja ikagoma, inalalamika skripti zinazokompailiwa (kutafsiriwa ili ziendeshwe) ni nyingi mno. Halafu mimi niko Ilala, duka la Kariakoo linasema kilomita karibu 7,000! Siku ya tatu hii silali vizuri, naombeni msaada.

mzee_wa_indeksi
Pole sana mkuu. Ukiomba script_fields inaacha kurudisha _source (data yenyewe uliyohifadhi, kama jina la spea) mpaka uiombe, ongeza "_source": true. Hiyo ya kugoma, bila shaka lat na lon (latitudo na longitudo) za mteja umeziandika ndani ya skripti yenyewe, kwa hiyo kila anayetafuta analeta skripti mpya ya kukompailiwa. Zipitishe kwenye params (vigezo vinavyotumwa kando ya skripti), skripti ibaki ileile:
doc['mahali'].arcDistance(params.lat, params.lon)
Inarudisha mita.

binti_kodi
Hizo 7,000 umegeuza koodineti kaka. geo_point (aina ya data ya mahali) ukiiandika kama arei inaanza lon, yaani [39.28, -6.82]. Ukigeuza duka linahamia Hispania kule karibu na mpaka wa Ureno na wala haikupi erro, maana 39 ni latitudo halali kabisa. Ukiiandika kama stringi ndo inaanza lat. Mimi ilinila usiku mzima hii.

kaka_wa_mbezi
Bei mimi nisingeipeleka kwenye injini. Unaonyesha majibu 20 kwa peji, zidisha kwa rate kwenye app yako basi. Kupanga kwa dola na kwa shilingi mpangilio ni uleule, na mteja akisema mwisho laki mbili, kama rate ni 2,500 wewe chuja kwa dola 80. Na umbali ukipanga kwa _geo_distance unarudi wenyewe ndani ya "sort" ya kila jibu, skripti unaifuta.

fundi_spea
Aisee nimegeuza koodineti, Kariakoo sasa ni kilomita 1.4, asanteni mno. Ila nikitaka bei jumlisha nauli ya bodaboda kwa kilomita, na mteja apange kwa hiyo jumla?

mzee_wa_indeksi
Hapo sasa injini ihesabu yenyewe, na script_fields haikufai maana inahesabiwa baada ya majibu kuchaguliwa. Tumia runtime_mappings (sehemu zinazohesabiwa wakati wa kutafuta), ipo toka toleo la 7.11. Ila chuja kwanza kwa geo_distance, tuseme kilomita 15, la sivyo itahesabu kila shokapu ya mji mzima. Na kagua doc['bei'].size() kabla ya kusoma bei, spea moja tu isiyo na bei itakuangushia kwery.