Slaidi 84 za Kiingereza kwa mama lishe, hivi hii semina ilikuwa ya nani?

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa kwenye daladala narudi Mbagala na hasira bado zimenijaa, mnivumilie kama nitaandika hovyo.

Leo nimefunga kibanda changu siku nzima kwenda semina ya mikopo ya vikundi, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu. Tumeambiwa saa mbili, mtoa mada kaanza saa nne. Kawasha projekta, slaidi ya kwanza tu pale chini kwenye kona imeandikwa 1/84. Themanini na nne jamani! Kageukia ukuta, sisi katupa mgongo, akaanza kusoma neno kwa neno, na zote Kiingereza, akimaliza anadokeza maneno mawili ya Kiswahili anabonyeza inayofuata.

Pembeni yangu kakaa mama mmoja anauza chapati na supu, kila saa ananigusa, "mwanangu, hapo pameandikwaje?" Namsomea, nikimaliza wenzetu wako slaidi tatu mbele. Likaja jedwali la marejesho, ndo kitu tulichofuata wote pale, namba zimebanana hata mstari wa pili kutoka mbele hawasomi. Mtoa mada anasema najua huko nyuma hamuoni vizuri, tusonge. Sasa kama unajua hatuoni umeliweka la nini? Si ungesema tu kwa mdomo, kikundi kikichukua milioni 5 kila mwezi kinarudisha kiasi gani, na mmoja akikimbia nani analipa?

Saa sita umeme ukakatika. Tukamwambia endelea hivyo hivyo, masharti si unayajua, anasema tusubiri urudi. Dakika 40 watu wazima tumekaa tunajipepea na bahasha. Pale ndo nikaelewa hiyo mada haikuwa kichwani kwake, ilikuwa kwenye laptopu.

Na msinielewe vibaya, siichukii PowerPoint. Mwaka jana nilikaa semina nyingine ya kutunza hesabu, dada mmoja alikuja na slaidi kama 6 hivi, picha za daftari la duka kabisa, zimejaa ukuta mzima. Anakuuliza, hapa huyu kakosea wapi? Kumbe deni la mteja kaliandika kama hela imeingia, na hela ya ada ya mtoto kaitoa humo humo dukani bila kuandika. Tulibishana karibu saa nzima kwa picha moja, na mpaka leo daftari langu naliandika vile alivyotuonyesha. Bila projekta ukurasa mmoja ungeonwaje na watu 60 kwa pamoja? Hiyo ndo kazi yake, kuonyesha kile ambacho mdomo hauwezi. Sio kumsomea mtu.

Na mtu asije kuniambia ni jambo dogo. Mwaka 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilisambaratika kikiwa kinarudi duniani wakafa watu 7. Kipande cha povu gumu linalofunika tangi la mafuta kilikuwa kimegonga bawa wakati chombo kinaruka, na wahandisi walipowapa wakubwa taarifa ya hilo pigo, la muhimu lilikuwa limefukiwa huko chini ya slaidi iliyojaa maandishi. Tume iliyochunguza ajali ikakemea kabisa tabia ya NASA kutegemea slaidi badala ya ripoti iliyoandikwa vizuri. Wale ni wataalamu na bado liliwapita, itakuwa mama wa chapati?

Nimemfuata mtoa mada mwishoni nimuombe hilo faili nikalichapishe stationary, kasema atanitumia WhatsApp. Mpaka sasa kimya, na fomu mwisho Ijumaa. Mwenye masharti ya marejesho kwa Kiswahili naomba ayaweke hapa, kesho asubuhi nampelekea yule mama.