Kumfungia adui biashara kunamzuia kujenga jeshi, au kunamfundisha kujitegemea?

Mwana Kirumba: Wakuu, tangu Oktoba 2022 Marekani inawabana Wachina kwenye chipu za kisasa, ikawavuta na Waholanzi na Wajapani, maana mashine za ASML, kampuni ya Uholanzi, ndizo zinazochora chipu zenyewe. Wanasema wasipobana, chipu zitaishia kwenye makombora. Mimi naona haisaidii. Ni kama makokoro, zile nyavu haramu: mchana yanachomwa moto, usiku soko la Mwaloni samaki wachanga wamejaa.

Dagaa Mkavu: Mwaloni imeingiaje hapa? Mama yangu kauza pale miaka 20, katusomesha wote. Unaandika kama vile soko zima ni magendo.

Mwana Kirumba: Sijasema soko zima, mkuu.

Dagaa Mkavu: Umeandika "wamejaa".

Mzee wa Igogo: Vijana, tulieni. Hili si jipya. Wamagharibi walikuwa na kamati yao, Cocom, tangu 1949, kazi yake kumnyima Mrusi teknolojia. Kumbe kampuni za Toshiba ya Japani na Kongsberg ya Norway wakamuuzia mashine za kuchonga propela za nyambizi, zisisikike baharini. Ilipofichuka 1987, wabunge wa Marekani walitoka nje na nyundo wakaipasua redio ya Toshiba mbele ya kamera. Redio ya watu ina kosa gani?

Binti Nyegezi: Shikamoo mzee. Ila hapo umenisaidia mimi. Kama vikwazo havimuumizi, kwa nini Mrusi alipita mlango wa nyuma? Vinachelewesha, na jeshi likicheleweshwa miaka kadhaa si mchezo.

Mzee wa Igogo: Marahaba binti. Na Japani je? Walikatiwa mafuta na Marekani katikati ya 1941, Desemba wakaipiga Pearl Harbor, kambi ya wanamaji wa Marekani. Hapo alicheleweshwa nani?

Binti Nyegezi: Japani ilikuwa vitani China tangu 1937, mzee. Usianzie hadithi katikati.

Bwiru Juu: Mnakwenda mbali. Burundi 1996, Buyoya alipopindua serikali, nchi zetu jirani zilifunga mipaka mpaka Januari 1999. Mjomba alikuwa dereva wa lori. Anasema petroli ilivuka Ziwa Tanganyika usiku kwa madumu, mwenye kuumia ni mama wa sabuni na chumvi.

Dagaa Mkavu: Magendo tena! Ziwa likitajwa tu, watu wa ziwa ni wezi. 1999 Ulaya walipogomea sangara wetu kwa habari za sumu, shangazi alirudishwa nyumbani kutoka kiwandani. Yeye alikuwa anaunda kombora gani?

Bwiru Juu: Ile ilikuwa afya, si vita.

Dagaa Mkavu: Njaa haijui tofauti. Na hao Wachina mnaowajadili ndio wanaonunua mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Kesho tukiambiwa tusiwauzie?

Bwiru Juu: Kwani kilo ya mabondo siku hizi shilingi ngapi?

Binti Nyegezi: Inategemea uzito wa kipande, kaka. Makubwa yana bei yake.

Mwana Kirumba: Jamani, turudi kwenye chipu.

Dagaa Mkavu: Rudi wewe. Kwanza futa "wamejaa".