Nabadilishaje SSU kwenda sentistoki? Na kwenda m²/s nigawe kwa ngapi

Valvu_Kavu:
Wakuu habari zenu. Nina pampu ya haidroliki ya kitambo, kitabu chake kinasema mnato wa oili (uzito wake wa kutiririka) usishuke chini ya 70 SSU, yaani sekunde za Saybolt, mashine ikiwa kazini. Oili niliyonayo ni ISO VG 46 (daraja la mnato), data shiti inasema 46 cSt (sentistoki) kwa nyuzi 40 na 6.8 cSt kwa nyuzi 100, na mfumo ukishapata moto oili inakaa kwenye nyuzi 70 hivi. Afu kuna fomula ya kupiga hasara ya presha kwenye bomba inataka m²/s, hapa kazini mmoja anagawa kwa elfu kumi mwingine kwa milioni na kila mtu kakomaa na lake. Hii oili inafaa au haifai?

Bomba_Nene:
Wa milioni ndo yuko sawa. Wa elfu kumi anachanganya stoki na sentistoki, stoki moja ni sentimita ya mraba kwa sekunde, hiyo kweli unagawa kwa elfu kumi, ila sentistoki ni stoki gawa kwa mia, yaani milimita ya mraba kwa sekunde. Kwa hiyo 46 cSt ni 0.000046 m²/s. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 25 kwa ndani, oili inakwenda mita 2 kwa sekunde, namba ya Reynolds (inayoonyesha mtiririko ni tulivu au wa vurugu) inatoka 1,087. Ukigawa kwa elfu kumi inatoka 10.87, na kwa mtiririko tulivu kama huu msuguano ni 64 gawa kwa Reynolds, so hasara ya presha inapanda mara mia nzima. Namba ya msuguano ikitoka 5.89 badala ya 0.059 mwambie jamaa arudi akahesabu sifuri zake.

kipimo_huru:
SSU gawa kwa 4.6 maisha yaendelee. 70 inakuwa kama 15 cSt. Mnajisumbua bure

Saa_ya_Mchanga:
@kipimo_huru hiyo inafanya kazi kwenye namba kubwa tu mkuu. SSU si kipimo cha mnato moja kwa moja, ni sekunde ambazo mililita 60 za oili zinatumia kupita kwenye tundu la kifaa cha Saybolt. Oili nzito inatiririka kwa uvivu ndo maana uwiano unakaa sawa, ila nyepesi haufuati huo mstari. Kuanzia sekunde 32 hadi 100 zidisha sekunde kwa 0.226 kisha toa 195 gawa kwa sekunde. Zikizidi 100 tumia 0.220 na 135. Kwa 70: 15.82 toa 2.79, unabaki na 13.03 cSt. Jaribu na 50 uone, fomula inakupa 7.4 ile ya mkato inakupa karibu 11.

Nati_Legevu:
Naingilia kidogo wakuu, kwenye karatasi ya oili yangu wameandika cP, si kitu kilekile?

Bomba_Nene:
@Nati_Legevu sio kilekile, cP ni sentipoise. Hiyo gawa kwa densiti ya oili kwa gramu kwa sentimita ya ujazo ndo upate cSt. Oili ya densiti 0.87 yenye 40 cP ni 46 cSt. Kwa maji zinakaribia kulingana ndo maana watu wanajisahau.

Valvu_Kavu:
Asanteni sana. Kwa hiyo oili yangu ni 46 na kikomo ni 13, niko mbali kabisa si ndio?

Saa_ya_Mchanga:
Hapana aisee, hiyo 46 ni ya nyuzi 40. Kubadilisha vipimo hakubadilishi joto. Na usichore mstari ulionyooka kati ya 40 na 100, utapata 26 kwenye nyuzi 70 na utafurahi bure, mnato unaporomoka haraka mwanzoni afu unapunguza kasi. Tumia kikokotoo kinachoomba mnato wa joto mbili, au chati ya mnato na joto yenye skeli za logi. Mi nimepiga kwa namba zako nimepata kama 14.8 cSt kwa nyuzi 70. Kwa hesabu ya @kipimo_huru oili imefeli, kwa 13.03 imepita.

kipimo_huru:
Haya bwana, imepita kwa unywele

Saa_ya_Mchanga:
Ndo hivyo, kwa nyuzi 75 inashuka hadi 12.8, ishakuwa chini ya kikomo. @Valvu_Kavu hiyo 70 umepimia wapi?

Valvu_Kavu:
Kwenye tangi mkuu

Bomba_Nene:
Basi pima na kwenye ganda la pampu pamoja na bomba lake la kurudishia, huko kwa kawaida kuna moto kuliko tangini. Ukikuta 75 kwenda juu safisha kwanza kipoza oili (cooler), ikigoma kushuka ndo uwaze VG 68, ila hiyo uangalie pia kikomo cha juu cha SSU wakati wa kuwasha mashine ikiwa baridi.

Valvu_Kavu:
Poa, kesho napima ikiwa kwenye mzigo nawaletea namba.