Tupeane uzoefu: Kwenye poka, kichwa kikishapata moto nani anakuinua mezani?

Wakuu, salaam.

Naomba uzi huu tusiutumie kufundishana karata zipi za kucheza na zipi za kutupa. Hayo kila anayecheza poka anayajua, au anadhani anayajua. Nataka tuongelee yule mtu anayeyajua yote, halafu saa nane za usiku anasukuma chipu zake zote (vile vipande vinavyosimama badala ya pesa) katikati kwa karata ambazo saa mbili asingezigusa hata kwa kusihiwa. Tilti hiyo, yaani hisia zimeshika usukani badala ya akili. Na tusidanganyane, hakuna aliyezaliwa na kinga.

Naanza mwenyewe. Dalili yangu ni kumwangalia mtu mmoja. Jamaa kanipiga kwa karata ya mwisho, basi kuanzia hapo kila akiingia na mimi nimo. Akipandisha, napandisha. Karata sizichezi tena, nacheza na yeye, na wale wengine wanne watano waliokaa kimya ndio wanaochuma. Siku hizi nikijikuta nimeshakariri hata mkanda wa saa yake, nachukua simu natoka nje. Pengine narudi, pengine ndiyo nimeondoka hivyo.

Ninyi je? Nani anakuinua: saa, hesabu, rafiki, au mfuko ukikauka?

—

Hesabu Kwanza

Mkuu, mimi mambo ya kuvuta pumzi hayakunisaidia. Nilitulia nilipopiga hesabu.

Esi mbili dhidi ya kingi mbili, chipu zote zikiwekwa kabla ya flopu (zile karata tatu za kwanza zinazofunuliwa katikati kwa wote): esi zinashinda kama mara 82 katika 100. Mtu akisikia 82 anaelewa "lazima". Hizo 18 zilizobaki anaziona kama wizi! Kupigwa namna hiyo mara mbili mfululizo ni kama mara 1 katika 31. Ukicheza sana litakukuta, na litakukuta tena. Kuna huyu mwenye kopa nne anayesubiri ya tano ili zote ziwe za aina moja: baada ya flopu bado kopa tisa hazijaonekana, karata mbili zinakuja, kwa hiyo anaipata kama mara 35 katika 100. Akiipata hajakuibia, mlikubaliana bei.

Lakini linalowaumiza watu zaidi ni hili. Chukua mchezaji mzuri kweli, anayepata wastani wa blaindi kubwa 5 (blaindi ni dau la lazima kabla ya kugawa) kwa kila migao 100, meza ya watu sita isiyo na ukomo wa dau. Panda-shuka ya meza hiyo, yaani matokeo yanavyoyumba juu na chini ya wastani, ni kama blaindi 90 kwa migao 100. Migao ikiongezeka mara 100, faida anayotarajia inaongezeka mara 100, ila panda-shuka inaongezeka mara 10 tu, kwa sababu inafuata kipeuo cha pili. Kwa migao 10,000 basi anatarajia blaindi 500, na panda-shuka ni 900. Maana yake ni kwamba karibu mara 3 katika 10 huyu bwana mzuri anamaliza migao elfu kumi akiwa na hasara, na hajakosea popote.

Ukishalielewa hilo, unaacha kuuliza "kwa nini mimi" na unaanza kuuliza mtaji wako una viingilio vingapi, yaani unaweza kulipia kukaa mezani mara ngapi. Kwa meza za kawaida wengi wanashauri 20 hadi 40. Kwa mashindano 100 na kuendelea, kwa kuwa zawadi kubwa zinakwenda kwa wachache wa juu na unaweza kukaa muda mrefu bila kugusa kitu. Ukiona mtu ana viingilio vitatu tu halafu analalamika hasira zinamsumbua, mimi namwambia hasira hizo ni za mtaji.

—

Binti Kimya

Hesabu Kwanza, hesabu hizo ninazo zote kichwani na bado naharibika. Tofauti yangu na ninyi ni kwamba mimi naharibika nikishinda.

Nimechukua dau kubwa, chipu ziko mbele yangu hadi nashindwa kuzipanga, na ghafla naona kila mtu ananiogopa. Naanza kumtisha mtu ambaye tangu jioni hajatupa karata hata mara moja. Nikipoteza kidogo najiambia "si zao hizi, si zangu". Ikifika usiku nimerudi nilipoanzia, na hakuna aliyenionea huruma kwa sababu sikupigwa na bahati mbaya yoyote. Hii haina jina la kuogopesha, ndiyo maana watu hawaiongelei.

Ninachofanya: nikishinda kiasi cha kiingilio kingine, nakaa nje mizunguko miwili. Sifanyi kitu, nakaa tu. Na kitu cha pili kilichonisaidia kuliko vyote ni kumwandikia mwenzangu mgao mzima hadi pale nilipotakiwa kuamua, naishia hapo. Nani alishinda simwambii. Yeye anajibu angefanyaje. Siku ya kwanza alisema angetupa karata, wakati mimi nilikuwa najisifia ushindi wa mgao huohuo. Tangu hapo matokeo nimeacha kuyaamini kama mwalimu.

—

Zamani Mgawaji

Mimi nimekaa upande wa pili, nikigawa. Ukigawa muda mrefu unamjua anayeondoka kichwani kabla yeye mwenyewe hajajua.

Tazama chipu. Kuna mtu anapanga zake kwa rangi, minara imenyooka, kila akilipa anahesabu kwa vidole viwili na kuzisogeza mbele taratibu. Apigwe vibaya mara moja: chipu inayofuata anaitupa badala ya kuisogeza, moja inabingirika hadi kwa jirani. Minara hairudishi tena, anaacha rundo. Anachungulia karata kabla zamu haijamfikia, na mwili umeshaegemea mbele, kwa hiyo meza nzima imeshajua anaingia. Halafu anaomba kasha jipya la karata. Baada ya hapo anaanza kuniangalia mimi, kama kwamba nilimchagulia! Nilikuwa natabasamu tu nagawa.

Anayenitia wasiwasi zaidi, hata hivyo, si yule anayefoka. Ni yule aliyekuwa anapiga soga akanyamaza, na mkono unaingia mfukoni kuongeza chipu kabla mgao haujaisha.

—

Mpita Njia

Mnasema mtu ajidhibiti, mbona Phil Hellmuth, yule mchezaji maarufu wa poka wa Marekani, analalamika mezani miaka yote, anasimama, anawatukana watu uchezaji wao, na ana bangili 17 za mashindano ya dunia (bangili ndiyo tuzo ya mshindi)? Bingwa wa 1989 akiwa na miaka 24. Labda hasira ni nzuri.

—

Zamani Mgawaji

Mpita Njia, angalia anachofanya mgao unaofuata. Analalamika, anakaa, anatupa karata mbovu kama kawaida. Kelele ziko mdomoni. Nimegawia watu wapole kama maji ambao baada ya kupigwa walifuata kila dau hadi wakabaki bila kitu, na hawakuinua sauti hata kidogo. Ukitaka kujua mtu yuko kwenye tilti, usimsikilize, tazama anaingia na karata gani.

—

Mzee wa Pembeni

Vijana, mnaongelea meza tu. Kisa cha Stu Ungar, mchezaji poka wa Marekani, mnakijua? Bingwa wa dunia 1980, akarudia 1981. Mwaka 1997 akashinda mara ya tatu, dola milioni moja, na kiingilio alilipiwa na mtu kwa kuwa yeye hakuwa nacho. Mwaka uliofuata akafariki akiwa na miaka 45, zile pesa hazipo. Mezani wachache walimuweza. Zilikwenda kwenye kubeti michezo na farasi, na kwenye dawa za kulevya.

Kwa hiyo mtu akiniambia ana nidhamu ya poka, namuuliza pesa anazoshinda zinalala wapi. Mtaji wa karata ukikaa mfuko mmoja na pesa ya kodi ya nyumba, utacheza kwa woga kila siku, na woga nao ni tilti. Unatupa karata nzuri kwa sababu umekumbuka mwisho wa mwezi.

—

Usiku Mnene

Naona wengi mnaelekea kwenye "weka kikomo, ukipoteza viingilio viwili ondoka". Mimi napinga. Kama meza ina watu watatu hawajui wanachofanya, na mimi nacheza vizuri, kuondoka kwa sababu nimepoteza viingilio viwili ni kuwaachia wengine riziki. Karata hazikumbuki nimepoteza ngapi. Kikomo kiwe cha akili, sio cha pesa.

—

Mleta Uzi

Usiku Mnene, kwa hoja uko sawa kabisa. Shida ni moja: wa kupima akili yako ni akili hiyohiyo. Kila aliyewahi kumwaga mtaji wake aliamini wakati ule kwamba yuko sawa na meza ni nzuri. Mtu ambaye ana kumbukumbu zilizoandikwa za miaka, anaonyesha kwamba migao yake baada ya hasara haitofautiani na ya kabla, huyo akae. Wengine wote kikomo cha pesa, na kipangwe mchana ukiwa umeshiba usingizi.

—

Niliyeacha

Mimi nitasema fupi. Uzi mzuri, lakini kuna watu watausoma wakitafuta mbinu, na tatizo lao halimo humu. Ukiwa unakopa ili ucheze, unaficha nyumbani, au unacheza ili urudishe za jana, hiyo sio tilti. Hakuna mbinu ya pumzi wala ya kikomo. Mimi niliandika kuomba nifungiwe akaunti, sehemu nyingi wana utaratibu huo, kasino pia. Nikamkabidhi mke wangu kadi, nikamwona mshauri. Sijashika karata tangu hapo, na sihitaji kushawishiwa kwamba ningeweza kuwa mzuri.

—

Mgeni Mtandaoni

Asanteni nyote. Mimi nacheza mtandaoni peke yangu, hakuna mgawaji wa kuniona natupa chipu na hakuna mtu wa kumkabidhi simu. Nafungua meza nne. Nifanyeje?

—

Binti Kimya

Mgeni, anza kwa kupunguza hadi meza mbili. Nne ni nyingi kwa mtu anayejifunza kujiangalia.

Kisha ingia kwenye mipangilio uzime ile ya kujaza chipu zenyewe ukipungukiwa. Hiyo ni adui. Ikizimwa, kila ukitaka kuongeza lazima ubonyeze mwenyewe, na pale ndipo unapata sekunde mbili za kujiuliza. Pia programu nyingi zina kitufe cha kukupumzisha blaindi kubwa ijayo ikikufikia. Ukipigwa vibaya, kibonyeze kabla hujafanya kitu kingine chochote, hata kabla ya kulaani. Utamalizia mzunguko uliokwisha kulipia na meza itakutoa yenyewe.

Na kisanduku cha kuchati kifunge. Hakuna neno utakaloandika mle likakurudishia chipu hata moja.

—

Hesabu Kwanza

Naongezea hapo: kuna sehemu unaweza kujiwekea kikomo cha kuweka pesa kwa siku au kwa wiki. Kukishusha mara nyingi kunafanya kazi papo hapo, kukipandisha wanakusubirisha. Kishushe leo.