Usiku wa kwanza wa mtoto wa paka katika chumba na sebule: nimlaze wapi, na akilia nifanyeje?

Mpangaji wa Kijenge, Arusha

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi ijayo nitakwenda Usa River kumchukua mtoto wa paka ambaye mama mmoja tunayesali naye amekubali kunipatia. Kwa maelezo yake, paka huyo ana umri wa wiki nane au karibu na hapo, anakula mwenyewe, na bado analala na mama yake pamoja na ndugu zake. Ninamhitaji kwa sababu ya panya, ambao tangu mwenye nyumba aanze kuhifadhi mahindi uani wametunyima raha, ingawa watoto wangu wameshampa jina kabla hata ya kumwona, kwa hiyo najua kazi yake haitakuwa panya peke yake.

Tunaishi chumba na sebule katika nyumba ya kupanga, kuta hazifiki darini, na jirani wa upande wa pili ana mtoto mchanga ambaye naye usingizi wake ni wa kubembeleza. Mwenye nyumba ana mbwa anayefunguliwa usiku. Juu ya hayo yote, mnaoishi huku mnaijua baridi ya mwezi huu wa Julai.

Nimepewa ushauri mwingi unaopingana. Dada yangu anasema nimtie kwenye salfeti na kumzungusha njiani ili asijue njia ya kurudi kwao; mama mkwe anasema nimpe maziwa ya ng'ombe ya vuguvugu ndipo atalala; na jirani ameniambia nimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe ili asituletee viroboto ndani. Naomba mwenye uzoefu anieleze: usiku huo wa kwanza alale wapi, nimwendee anapolia au nimwache, na katika haya niliyoambiwa lipi ni la kweli?

Mama wa Rau, Moshi

Mdogo wangu, karibu katika ufugaji wa paka. Nimelea watoto wengi wa paka, wengine wakiwa wameokotwa sokoni, na jambo ninalolisisitiza kwa kila anayeniuliza ni kwamba usiku wa kwanza usimpe nyumba nzima. Ukimweka chini katikati ya sebule na kumwacha ajionee mwenyewe, atatafuta mahali pembamba kuliko pote, nyuma ya friji au ndani ya kochi lililochanika kitambaa cha chini, na utatumia saa nzima kumvuta huku akizidi kuogopa. Mtengee kona moja tu ya chumba unacholala. Chukua boksi la katoni, lilaze ubavu ili mlango wake uelekee ukutani ukiacha nafasi ya kupita, kisha utandike sweta kuukuu la mtumba ndani yake. Paka anayeweza kujificha na bado akasikia sauti za watu hutulia mapema kuliko yule aliyewekwa peupe.

Jambo la pili ni harufu. Kabla ya Jumamosi, mpelekee huyo mama kipande cha kanga au taulo na umwombe akiweke pale wanapolala paka wake, kilaliwe hadi siku utakayokwenda. Usikifue. Mtoto wa paka wa umri huo anapolia usiku, mara nyingi hana njaa wala ugonjwa. Anaita mama yake na wenzake waliokuwa wakilala wamerundikana naye, na kile kitambaa ndicho kitu pekee ndani ya nyumba yako kitakachokuwa na harufu anayoijua.

Tatu ni joto, na kwa Arusha ya Julai hili si la anasa. Jaza maji ya moto, si yanayochemka, katika chupa ya plastiki, ifunge barabara, izungushie soksi nene au kitambaa mara mbili, kisha uiweke upande mmoja wa boksi ili aweze kuisogelea au kuikimbia apendavyo. Ukishika chupa hiyo iliyofungwa kwa sehemu ya ndani ya mkono wako, isikuunguze bali ikupe joto la kawaida. Ikipoa usiku wa manane, ibadilishe bila kuwasha taa kubwa na bila kumsemesha sana.

Choo chake kiweke kwenye karai fupi au beseni ambalo ukingo wake anaweza kuuvuka, ukijaza mchanga mkavu wa kujengea au maranda yasiyo na vumbi, upande ulio mbali na chakula, kwa sababu paka hapendi kula karibu na anapojisaidia. Mwombe mama wa Usa River akufungie kwenye mfuko mchanga kidogo uliokwisha kutumiwa na paka wake, uumwage juu ya huo mpya. Najua haipendezi kubeba mfuko wa namna hiyo ndani ya daladala, lakini unarahisisha mambo mno. Ukishamfikisha nyumbani, mweke ndani ya karai hilo kabla ya kitu kingine, umwache alinuse, kisha atoke mwenyewe.

Kuhusu kulia, mimi huenda. Siendi kumbeba kila anapotoa sauti, bali huweka boksi karibu na kitanda kiasi kwamba nikinyoosha mkono anaugusa, na anapolia namwachia vidole avinuse hadi atulie. Kinachosaidia zaidi ni kumchezesha kabla ya kulala: funga kamba kwenye kijiti, iburute sakafuni aikimbize mpaka achoke, kisha umpe chakula chake cha mwisho. Paka akishawinda, akashiba na akajilamba, kinachofuata kwake ni usingizi, na mpangilio huo unaweza kuutumia hata usiku wa kwanza ikiwa amekwisha kutoka kwenye boksi kwa hiari yake.

Salfeti achana nayo kabisa. Mtoto wa umri huo hana uwezo wa kutembea kutoka Kijenge hadi Usa River, na ndani ya salfeti hukosa hewa ya kutosha, hupata joto na hujikojolea kwa hofu. Tumia boksi lililotobolewa matundu na kufungwa kwa kamba, au kikapu chenye mfuniko.

Mzee wa Sakina

Ninaheshimu uzoefu wa mama hapo juu, ila mimi natofautiana naye kidogo kuhusu kumwendea. Mtoto wa paka hujifunza haraka sana, na akitambua kwamba kila sauti yake inaleta mkono, atakuamsha hata miezi sita baadaye. Hakikisha tu ana joto, amekula, na choo anakifahamu, kisha mwache. Kwa hali ya huyu binti, mwenye jirani anayebembeleza mtoto mchanga, nakubali kwamba siku ya kwanza amtulize. Usiku wa pili na kuendelea apunguze.

Lakini lipo jambo ambalo sikuona likitajwa. Katika baridi hii wako watu huingiza jiko la mkaa chumbani jioni na kufunga madirisha. Usifanye hivyo kwa ajili ya paka wala kwa ajili ya watoto. Hewa ya mkaa haina harufu, huua watu waliolala, na kiumbe kilicho sakafuni karibu na jiko hakina ahueni yoyote. Chupa ya maji inatosha. Vilevile, kama wapangaji wenzako wana magari, wazoee kugonga boneti asubuhi kabla ya kuwasha, kwa sababu paka wadogo hupenda kupanda juu ya injini iliyo na joto.

Daktari wa mifugo, Moshi

Nitajibu yale ya kiafya, maana kati ya ushauri uliopewa umo mmoja unaoweza kumuua paka wako siku hiyohiyo.

Usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi ya dawa hizo zina viambato kama permetrini na sipametrini, ambavyo ni vya jamii ya pareto ya kiwandani, na mwili wa paka hauna uwezo wa kuvivunja kama ufanyavyo wa ng'ombe au mbwa. Paka aliyepakwa huanza kutetemeka masikio na miguu, hukakamaa, na wengi hufa kwa degedege. Poda za viroboto za mbwa zina hatari hiyohiyo. Kwa mtoto wa wiki nane, tumia chanuo lenye meno ya karibu, lipitishe shingoni na juu ya mkia, na kila kiroboto unachokipata ukitumbukize kwenye maji ya sabuni. Ukihitaji dawa, nenda kwa daktari ukiwa na paka mwenyewe, apimwe uzito kwanza, badala ya kununua dukani kwa kukadiria. Hali kadhalika, asipewe parasetamoli hata akionekana ana homa, kwa sababu kidonge kimoja kinatosha kumuua paka mzima.

Maziwa ya ng'ombe hayafai. Kadiri anavyoacha kunyonya, tumbo lake hupunguza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na matokeo yake ni kuhara, jambo ambalo kwa mnyama wa uzito huo humkausha maji kwa muda mfupi. Mpe maji safi kwenye kisahani kifupi. Kwa chakula, siku za mwanzo mpe kilekile alichokuwa akila kwa yule mama, hata kama wewe una kizuri zaidi, kisha ubadilishe polepole. Agawiwe mara nne kwa siku, kidogokidogo. Dagaa waliooshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi, bila kitunguu, wanafaa, pamoja na nyama ya kuku iliyotolewa mifupa. Kitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, kwa hiyo mchuzi wa familia usiende kwake. Ugali uwe kidogo tu wa kuchanganyia, kwani paka hupata kirutubisho kiitwacho taurini kutoka kwenye nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo wake huathirika.

Kabla ya kuondoka Usa River, thibitisha umri. Mtoto wa wiki nane mwenye afya huwa na uzito wa karibu gramu 800, na mizani ya duka la sukari inatosha kukuonyesha. Awe na meno yote ya utoto, atembee bila kuyumba, macho yasiwe na matongo, na chini ya mkia pawe pasafi. Akiwa na nusu kilo au pungufu, mwache kwa mama yake wiki mbili au tatu zaidi, hata kama panya wanakusumbua.

Usiku wa kwanza anaweza kula kidogo sana, na anaweza asijisaidie hadi kesho yake, hilo lisikushtue. Likikushtua liwe hili: amepitisha saa 24 bila kula chochote, anahara mfululizo, anapumua kwa mdomo, fizi zimekuwa nyeupe, au mwili umekuwa wa baridi na amelegea. Hapo usingoje Jumatatu.

Afikapo umri wa wiki 12 apate chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa ataishi na mbwa uani na watoto ndani. Ofisi ya mifugo ya kata itakueleza inapatikana lini. Akimng'ata au kumparura mtoto kabla ya hapo, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mpeleke mtoto hospitali. Na kama wewe au jirani yako ni mjamzito, karai la mchanga lisafishwe na mtu mwingine, kila siku bila kuruka, kwa kuwa vimelea vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, vilivyo kwenye kinyesi huhitaji angalau siku moja nje kabla ya kuweza kuambukiza.

Mpangaji wa Kijenge, Arusha

Shikamoo mama, shikamoo mzee, na nakushukuru daktari. Dawa ya ng'ombe nimeshamrudishia jirani. Nimebakiwa na mawili. Watoto wanataka alale nao kitandani, na mdogo ana umri wa miaka minne, je, inafaa? Na nianze lini kumtoa uani alipo yule mbwa?

Mama wa Rau, Moshi

Marahaba, mwanangu. Kitandani kwa mtoto wa miaka minne usimlaze, kwa sababu mtoto akigeuka usingizini anaweza kumlalia bila kujua. Wape watoto kazi nyingine: wakae sakafuni, wasimkimbilie, na kila mmoja amwekee kipande kidogo cha kuku karibu na goti lake. Atakayekaa kimya ndiye atakayefuatwa kwanza, na utashangaa jinsi ushindani huo unavyoleta utulivu nyumbani.

Mchukue asubuhi, si jioni, ili awe na mchana mzima wa kuizoea kona yake kabla giza halijaingia. Nje asitoke kwa wiki tatu hivi, na mwambie mwenye nyumba mapema ili mlango wa uani usiachwe wazi mbwa anapofunguliwa. Kwa sasa badilishana harufu tu: mfute mbwa kwa kitambaa, kiweke karibu na chakula cha paka, na kile cha paka mpelekee mbwa. Siku ya kuonana uso kwa uso mbwa awe amefungwa kamba, na paka awe na mahali pa juu pa kukimbilia.

Muulize pia mama wa Usa River kama ni jike au dume. Jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, kwa hiyo kama ni jike zungumza na daktari kuhusu kumfunga kizazi mnapokwenda kwa ajili ya chanjo.