Kamera moja ya USB, mafaili mawili ya /dev/video: programu itajuaje lipi linatoa picha?

kijiti_C
Wakuu, habari zenu. Naandika programu ya C kwenye Linux ya kutafuta kamera yenyewe, mtumiaji asichague chochote. Inapitia /dev/video0 hadi /dev/video9, inaita VIDIOC_QUERYCAP (wito wa V4L2, mfumo wa video wa Linux, unaouliza uwezo wa kifaa) kwa kila faili, kisha inapima hivi:

`if (cap.capabilities & V4L2_CAP_VIDEO_CAPTURE)`

Kamera ni moja, draiva yake uvcvideo (ya kamera za USB zinazofuata kiwango cha UVC), lakini mafaili mawili yanapita kipimo. video0 linafanya kazi. video1 linafunguka vizuri, ila VIDIOC_S_FMT (wito wa kuweka muundo wa picha) inarudisha EINVAL (kosa la ombi lisilofaa). Uga wa capabilities unasoma 0x84a00001 kote kuwili. Draiva inatoa taarifa zisizo sahihi, au nasoma vibaya? Naomba kuwasilisha.

biti_kwa_biti
Draiva iko sahihi mkuu, unasoma uga usio wako. Ndani ya struct v4l2_capability, `capabilities` ni uwezo wa kifaa kizima, yaani jumla ya mafaili yake yote. `device_caps` ni uwezo wa faili hilo moja ulilofungua. Tangu kerneli 4.16 (2018) uvcvideo husajili faili la pili la metadata, linalobeba alama za muda na vichwa vya UVC vya kila fremu. Picha halitoi kabisa, lakini kwa kuwa kamera ni ileile, jumla inaonekana sawa kwenye yote mawili.

```
memset(&cap, 0, sizeof cap);
if (ioctl(fd, VIDIOC_QUERYCAP, &cap) < 0) {
    close(fd);
    continue;
}
uwezo = (cap.capabilities & V4L2_CAP_DEVICE_CAPS)
        ? cap.device_caps : cap.capabilities;
```

Pima `uwezo` kwa V4L2_CAP_VIDEO_CAPTURE na V4L2_CAP_STREAMING, zote mbili. Kwako video0 litatoa 0x04200001 na video1 0x04a00000. Biti 0x00000001 ndiyo picha, 0x00800000 ndiyo metadata. Tangaza `uwezo` kuwa __u32, isiwe int, maana biti ya juu kabisa inatumika.

mkono_wa_udev
Naongezea. Usije ukaweka kanuni kwamba "namba shufwa ndiyo kamera". Ukichomoa na kuchomeka tena namba huweza kubadilika, na kompyuta mpakato yenye kamera ya infraredi huwa na mafaili manne. Ukihitaji jina la kudumu tumia /dev/v4l/by-id/, faili linaloishia na video-index0. Kamera mbili za modeli moja zisizo na namba ya pekee zitagongana hapo, basi hamia /dev/v4l/by-path/, ambayo hufuata tundu la USB.

Kabla ya kugusa kodi, sakinisha v4l-utils uangalie kwa macho: `v4l2-ctl -d /dev/video1 --info`. open() ikirudisha EACCES (ruhusa imekataliwa), mtumiaji hayumo kwenye kundi la video.

kijiti_C
Shukrani wakuu, device_caps imemaliza tatizo. Limebaki moja: naomba YUYV (picha isiyobanwa) 1280x720 kwa fremu 30 kwa sekunde, S_FMT inarudisha 0 bila kosa, ila napata fremu 10 kwa sekunde.

biti_kwa_biti
Piga hesabu. YUYV ni baiti 2 kwa pikseli: 1280 × 720 × 2 × 30 = baiti 55,296,000 kwa sekunde. Kamera ya USB 2.0 inayotumia njia ya isokroni (data hutumwa kwa vipindi maalumu) haipati zaidi ya baiti 24,576,000 (baiti 3,072 mara vipindi 8,000). Kwa fremu 10 unahitaji 18,432,000, zinaenea. Ndiyo maana kamera yenyewe inatangaza 10.

S_FMT na S_PARM (wito wa kuweka kasi ya fremu) hazikatai ombi lisilowezekana, hulirekebisha hadi lililo karibu na kukurudishia. Soma struct upya baada ya kila wito. Uliza kwanza kamera inaweza nini: ENUM_FMT (miundo), kisha ENUM_FRAMESIZES (vipimo), kisha ENUM_FRAMEINTERVALS (muda kati ya fremu), index kuanzia 0 hadi upate EINVAL, yaani orodha imeisha. Angalia `type` pia, kwa sababu draiva nyingine hujibu kwa hatua (STEPWISE) badala ya orodha. Kinachotajwa ni muda kati ya fremu, 1/30, si 30.

Chagua MJPG (fremu zilizobanwa kwa JPEG, hivyo baiti ni chache), weka S_FMT kwanza, S_PARM baadaye. Ukiita S_PARM wakati picha zinatiririka utapata EBUSY (kifaa kina shughuli).

mkono_wa_udev
Na chumba kikiwa na giza, hata MJPG inaweza kushuka chini ya 30, kwa kuwa kamera huongeza muda wa kupokea mwanga. Zima kidhibiti cha exposure_dynamic_framerate (kerneli za zamani: exposure_auto_priority). STREAMON (wito wa kuanza kutiririsha picha) ikirudisha ENOSPC ("hakuna nafasi"), diski haijajaa: kamera mbili zinagombania basi moja la USB. Hamisha moja.

moduli_ko
Kwa wanaoandika draiva: jaza `device_caps` ya video_device kabla ya video_register_device(). Kiini cha V4L2 kitanakili thamani hiyo kwenye nyuga zote mbili na kuongeza V4L2_CAP_DEVICE_CAPS. Kifaa chako kikiwa na mafaili zaidi ya moja, ile jumla haijikusanyi. Iongeze mwenyewe ndani ya vidioc_querycap, kwenye `capabilities` tu. Usiwashe biti ambayo hujaiandikia kazi. Programu itaiamini na kuangukia mbele zaidi, mahali pagumu kufuatilia. Kisha endesha `v4l2-compliance -d /dev/video0` hadi idadi ya Failed iwe 0.